TAMKO LA TAWI: SIMU BARABARANI, HAKI KORTINI

Wanachama wenzetu, hasa madereva wa matatu, teksi na bodaboda,

Tangu 2016, kanuni za makosa madogo ya trafiki hapa Kenya zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu chombo kikiwa kwenye mwendo. Tawi linaunga mkono kanuni hiyo. Abiria ana haki ya kufika nyumbani salama.

Lakini kushtakiwa si kupatikana na hatia. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa shtaka kinaganaga, kuhesabiwa huna hatia hadi ithibitishwe, kuleta ushahidi wako na kupinga ule wa mashtaka.

Ukisimamishwa, usibishane. Pokea notisi, isome. Andika mahali, saa na majina ya abiria walioona. Hifadhi rekodi ya simu ulizopiga na kupokea kabla haijafutika. Kama ulikuwa umeegesha, mweleze hakimu, maana kosa ni kutumia simu chombo kikienda.

Kama ulikosa, kiri na ulipe faini kortini. Kutoa chai barabarani ni kosa zito kuliko la simu, na ndiko kunakofanya usimamishwe tena kesho bila sababu.

Tawi halitamtetea anayechati huku amebeba watu. Lakini asiye na hatia asikiri kwa kuogopa foleni ya korti. Aje ofisini na notisi yake, tuisome pamoja.

Katibu wa Tawi