Swali la Kwanza Likikosewa, Kiwewe Hakionekani: Funzo la Mosocho kwa Sisi Wapwani

Mguu uliovunjika huonekana, lakini jeraha la moyo lazima liulizwe. Kutambua kiwewe, yaani maradhi ya nafsi yanayomshika mtu baada ya jambo la kutisha, kliniki nyingi duniani hutumia dodoso fupi lililotungwa Marekani. Lina maswali matano: je, mwezi uliopita umeota jinamizi, umekwepa yanayokukumbusha tukio, umekuwa ukishtuka ovyo, umehisi ganzi moyoni, umejilaumu?

Utafiti uliochapishwa 2021 kuhusu askari wastaafu wa Marekani ulionyesha kuwa kipimo cha "ndiyo" nne kiliwafaa wanaume. Kwa wanawake, kipimo hicho hicho kiliwaacha wagonjwa wengi bila kutambuliwa. Tofauti ya "ndiyo" moja tu inamrudisha mama nyumbani na maradhi yake.

Lakini kabla ya hayo matano, kuna swali la mlangoni: umewahi kupatwa na jambo la kutisha, kama ajali, vita, kupigwa au kubakwa? Ukijibu la, kipimo kinaishia hapo na alama yako ni sufuri.

Sasa nenda Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii. Takwimu za kitaifa za 2014 zilionyesha kuwa asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 21. Mwanamke aliyekatwa akiwa mtoto, huku watu wakiimba na kumpa zawadi, ataliita tukio hilo la kutisha? Wengi watajibu la. Hali huko Dakar, utafiti wa 2005 ulikuta karibu thuluthi ya wanawake 23 waliokeketwa wana kiwewe.

Tena Kisii ukeketaji mwingi umehamia mikononi mwa wahudumu wa afya, ingawa sheria ya 2011 imeupiga marufuku. Mama atamfungulia nani moyo, ikiwa anayeuliza ni wa kada ile ile iliyomkata?

Wapwani wenzangu, tusiseme hayo ni ya bara. Kwetu Kilifi wanaowindwa kwa tuhuma za uchawi aghalabu ni wazee wa kiume, hata Kaya Godoma kule Ganze ikageuka kimbilio lao. Mzee aliyenusurika panga amelelewa kuamini kwamba mwanamume haogopi. Naye akiulizwa atajibu la.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita majumbani na mikoba ya kupima presha na sukari. Naziomba serikali za kaunti ziwaongezee swali la moyo, na walifundishwe vizuri: mwanamke aulizwe na mwanamke, faraghani, ukeketaji utajwe kwa jina, mzee aulizwe kuhusu usingizi wake kabla ya kuulizwa kuhusu hofu. Hilo halihitaji mashine, linahitaji mafunzo.