Foleni ni moja, siri ni ya mgonjwa



Wengi wetu tuliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, tukapokelewa Bwera. Wako akina mama walioanzia dawa za ARV huko Bwera, na wengine Katwe, walipokuwa wakibeba chumvi ya ziwa ili walishe watoto. Leo wako nasi kambini. Baadhi yao wameacha dawa kwa kuogopa kuonekana.

Zamani kliniki ya VVU mara nyingi ilikuwa na siku yake na mlango wake. Ukimwona jirani ameketi pale, umeshajua. Februari 2025, baada ya msaada wa Marekani kusimamishwa, Wizara ya Afya iliagiza huduma za VVU ziunganishwe na zile za wagonjwa wengine. Hivyo mwenye malaria, mwenye kikohozi na anayefuata ARV huketi benchi moja. Watu wanalalamika kwamba foleni imekuwa ndefu, na kweli inachosha. Lakini kwa maoni yangu benchi hilo moja linamsaidia mwanamke kujificha macho ya watu, mradi sisi tujue kufunga midomo.

Usimuulize mama amebeba dawa gani. Usimfuate kwa macho hadi chumba anachoingia. Baba, usimzuie mkeo kwenda kituoni. Msindikize, nawe upime. Nasi wahudumu tusitaje ugonjwa wa mtu kwa sauti mbele ya wengine.

Jambo hili linagusa uhai. Mama mwenye VVU asipotumia dawa, mtoto anaweza kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Kati ya watoto 100, huambukizwa 15 hadi 45. Mama akitumia dawa vizuri, hupungua chini ya 5. Na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mumewe kwa ngono.

Mama uliyeacha dawa, rudi. Kama karatasi ya Bwera au Katwe imepotea, njoo hivyo hivyo, ueleze ulikuwa unatumia dawa gani. Leta hata kopo tupu. Mkimbizi hutibiwa kwenye kituo cha serikali kama mwenyeji, bila malipo.

Kama safari ni ndefu, ulizeni kituoni habari za vikundi. Tangu 2017 mwongozo wa Wizara unaruhusu wagonjwa ambao hali yao imetulia waungane, mmoja awachukulie wenzake dawa, kwa zamu. Wakiwa akina mama watano, wanne wanabaki na shamba na watoto siku hiyo. Kila mmoja bado ataenda mwenyewe kupimwa tarehe yake ikifika.

Tunaomba viongozi wa vijiji walizungumze jambo hili katika mkutano ujao, na akina baba wawepo. Mama asikose dawa kwa sababu ya maneno yetu.