Sukuma Wiki na Bonge la Damu Moyoni

JUMAPILI hii natuanzie sokoni Kangemi. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa mteja wa kila jioni kwa mama mboga. Ghafla akakatika. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kuwa shoga yake amemwonya kwamba sukuma wiki hupigana na dawa zake za moyo. Wiki chache baadaye ufizi ukawa unatoka damu kila apigapo mswaki, na mapajani kukajaa alama kana kwamba amechapwa.

Ugonjwa wake ulianza utotoni. Mafindofindo yasiyotibiwa yalizaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali, yaani kilango kimoja cha moyo, kikawa chembamba. Damu ikashindwa kupita upesi, moyo nao ukaanza kupiga bila mpango. Damu inayotuama huganda. Kipimo cha picha kilionyesha bonge katika chumba cha juu cha kushoto. Bonge kama hilo likichomoka na kupanda ubongoni, huleta kiharusi.

Ndipo akapewa wafarini. (Naam, iliuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuidhinishwa kwa binadamu huko Marekani mwaka 1954. Usitishike, kipimo ndicho hutenganisha sumu na dawa.) Haiyeyushi bonge, hulizuia lisikue huku mwili wenyewe ukilimaliza polepole. Hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza vigandishi vya damu. Na vitamini K imejaa wapi? Katika sukuma, managu, kunde na terere!

Basi daktari alikuwa amempimia dozi akiwa mlaji wa sukuma kila siku. Alipoiacha, dozi ile ile ikawa kali mno. Angezidisha mboga ghafla, ingekuwa dhaifu. Kwa hivyo usiiache mboga. Kula kiasi kile kile, na ukitaka kubadili, iambie kliniki kwanza.

Kipimo chenyewe huitwa INR, na wagonjwa wengi wa aina yake hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kukifuata ni nauli ya matatu hadi mjini, foleni, na siku nzima ya kazi kupotea. Wengi huuliza kwa nini wasipewe dawa mpya zisizohitaji kupimwa hivyo. Utafiti wa INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 4,500 wa vali za baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpango katika nchi 24. Waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliomeza rivaroksabani. Kwa hao, foleni ina faida.

Unaponunua dawa kwenye duka la River Road, taja wafarini kwanza: aspirini na Flagyl huweza kukutoa damu vibaya. Nawe dada, ukikosa hedhi, mwone daktari siku hiyo hiyo, kwani wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini usiiache kwa uamuzi wako.

Jirani yangu alisimamishiwa dawa siku kadhaa, akapimwa upya. Siku hizi mama mboga humkatia fungu moja kila jioni, na akiongezewa la bure, hulirudisha.