Sumu Isiyo na Harufu Ndani ya Gari

Mtu akaaye Rapsu, karibu na Kinna, katika kaunti ya Isiolo, ajua vema ya kuwa gari la nyumbani halina raha. Leo hubeba mazao ya mashamba ya mifereji, kesho humpeleka mgonjwa Isiolo, na keshokutwa hujaa akina mama na watoto waendao arusini. Kila lipitapo penye mawe na makorongo hugongwa chini, na kitu kimoja kipatacho taabu mapema ni bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi.

Watu wengi hudhani ya kuwa bomba lililotoboka ni jambo la makelele tu. Sivyo. Kazi ya bomba hilo ni kuuchukua moshi wa injini na kuutupa nyuma, mbali na pua za abiria. Ndani ya moshi huo mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo hewa ile ile itokayo katika jiko la makaa lililowekwa ndani ya chumba kilichofungwa. Mtu aivutapo, hushikamana na damu yake kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hushindwa kuupelekea mwili pumzi ya uhai.

Mtaalamu John Scott Haldane, mzaliwa wa Edinburgh, aliivuta hewa hiyo yeye mwenyewe ili ajue inavyomdhuru mwanadamu, akaandika habari zake mwaka 1895. Kwa shauri lake wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walichukua ndege wadogo mashimoni. Ndege alipolegea, watu walikimbia. Desturi hiyo ilidumu hata mwaka 1986. Lakini garini hamna ndege. Huenda wa kwanza kulegea akawa mtoto aliyelala kiti cha nyuma, na mama yake adhani ni uchovu wa safari.

Mfugaji hampakii ngamia mzigo asipomtazama kwanza miguu na mgongo. Mwenye gari naye na afanye vivyo hivyo, na kazi yenyewe haihitaji gharama. Wakati ufaao ni asubuhi, injini ikiwa baridi, na gari likiwa uwanjani penye upepo, si ndani ya banda. Magurudumu yazuiwe kwa mawe makubwa. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Kwanza, kabla ya kuwasha injini, alitazame bomba lote tangu kwenye injini hata mwisho. Mahali penye masizi meusi karibu na kiungo ndipo moshi utokapo. Aangalie kutu, bolti zilizolegea, na silensa iliyobonyea.

Pili, mwenzake aiwashe injini, naye asikilize. Sauti ya tik-tik karibu na injini, ambayo hupungua chuma kikipata moto, huonyesha ya kuwa gasketi imeungua au chuma kimepasuka. Chuma kikipata moto hutanuka, na ufa hujibana. Kwa hiyo asubuiye mpaka injini ipate moto aweza kudanganyika.

Tatu, bomba likiwa bado baridi, anyunyize maji ya sabuni juu ya viungo. Mapovu yakifura, hapo pana tundu. Kisha mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa maji, kwa nukta chache tu. Bomba zima litasukuma kitambaa kwa nguvu. Bomba bovu litapiga mluzi mahali palipotoboka. Bomba likianza kupata moto, kazi hii iachwe, maana chuma huunguza mkono upesi.

Nne, injini izimwe, na usiku ukiingia mtu mmoja amulike kurunzi chini ya gari, na mwingine akae ndani gizani. Nuru ipenyapo sakafuni, moshi nao utapenya. Mpira wa mlango wa nyuma utazamwe pia, kwani gari liendalo huvuta moshi kwa nyuma likiwa na mlango usiofunga sawasawa.

Tundu likionekana, kipande cha bati kilichokazwa kwa waya chafaa kulifikisha gari kwa fundi tu, madirisha yakiwa wazi na bila abiria wa nyuma. Hapo tundu lichomelewe, au gasketi igeuzwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu waweza kudai zaidi ya ukuta.

Tena dereva azijue dalili. Abiria wakiumwa na kichwa, wakipata kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, nao wakishuka wapate nafuu, hiyo si homa. Gari lisimamishwe mara moja, injini izimwe, na watu wote watolewe nje penye hewa safi. Aliyezimia, mtoto mdogo na mama mja mzito wapelekwe kwa daktari bila kukawia, hata wakisema ya kuwa wamepona, na dereva amwambie daktari waziwazi ya kuwa walikuwa wakivuta moshi wa gari.