Ukunda haihitaji programu nyingine ya kutafutia nyumba

Vijana wa kompyuta wakikutana hapa Pwani Kusini na kujadiliana watengeneze nini, kuna wazo moja ambalo halikosi: programu ya simu ya kutafutia nyumba za kupanga. Picha, ramani, bei, bonyeza hapa umpigie mwenye nyumba. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nasema wazi: hiyo siyo tunayohitaji. Ngoja nieleze.

Tuanze na hali ilivyo. Wengi wanaofanya kazi Diani hawalali Diani. Hoteli na nyumba za kifahari ziko upande wa bahari. Mpishi, mhudumu, mlinzi na fundi wa bwawa la kuogelea wanalala Ukunda, Mvindeni, Gombato au Bongwe, na wengine wanasogea hadi Tiwi au Msambweni. Mshahara wao unafuata msimu. Desemba pesa ipo. Masika yakiingia, kati ya Aprili na Juni, kuna hoteli zinazofunga na nyingine hupunguza watu. Lakini kodi ya nyumba haijui masika wala kaskazi. Tarehe tano ikifika, keateka anabisha hodi.

Juu ya hayo kuna mgeni wa usiku mmoja. Airbnb ilianza San Francisco mwaka 2008, na leo ukifungua ukurasa wake utakuta Diani imejaa tele. Reli mpya ilianza kubeba abiria kutoka Nairobi hadi Miritini mwaka 2017. Barabara ya Dongo Kundu nayo ilipofunguliwa hadi upande wa Kwale mwaka 2024, mgeni aliweza kufika Diani bila kupanda feri ya Likoni. Biashara imepata nafuu, na mimi sina ugomvi na biashara. Lakini hesabu ni rahisi: kila nyumba inayogeuzwa ya wageni ni nyumba moja imetoka mikononi mwa mpangaji wa mwaka mzima.

Sasa rudi kwenye ile programu. Je, shida ya mpangaji ni kukosa matangazo? Hata kidogo. Makundi ya WhatsApp na Facebook yamejaa matangazo ya nyumba. Shida ni kwamba picha moja inatokea kwenye matangazo matatu yenye bei tatu tofauti. Dalali anataka ada ya kuonyesha kabla hujainua mguu, halafu ukifika unaambiwa nyumba ilichukuliwa jana. Ukitengeneza programu, unamchukua dalali yule yule na kumpa ukurasa wenye rangi nzuri zaidi. Tena tangazo linakuonyesha bei inayoombwa. Bei inayolipwa halikuonyeshi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwenye ploti ya vyumba 12 ana namba 12 kichwani, na anajua mwenzake wa jirani anatoza kiasi gani. Mpangaji anajua namba moja tu, ile anayoambiwa. Mkikaa kupatana bei, mmoja anaona karata zote na mwingine amefungwa kitambaa machoni.

Isitoshe, hata hiyo namba moja haisemi ukweli wote. Chukua mfano wa kubuni. Chumba A kiko karibu na kazini, shilingi 7,000 kwa mwezi, maji ndani ya kodi. Chumba B kiko mbali kidogo, shilingi 4,500. Wengi tutakimbilia B. Haya, piga hesabu: bodaboda shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26, ni 2,600. Maji ya mkokoteni, mitungi miwili kwa siku ya shilingi 20 kila mmoja, siku 30, ni 1,200. Jumla ya B ni 8,300. Chumba cha bei rahisi kimekushinda kwa shilingi 1,300, na bado hatujauliza kama maji ya kisima chake ni ya chumvi au kama umeme una mita yako mwenyewe.

Kwa hiyo pendekezo langu halina mvuto wowote. Ni jedwali. Safu zake: mtaa, aina ya nyumba (singo, bedsita, chumba na sebule), kodi inayolipwa, diposi, maji, umeme, nauli ya kwenda kazini, mwezi na mwaka. Basi. Jina la mpangaji lisiwemo, namba ya simu isiwemo, wala jina la ploti, maana katika mtaa mdogo jina la ploti linatosha kumfichua mtu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Anayetaka kuchangia atume ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kabambe. Tusidharau njia hiyo: Ushahidi, iliyoundwa hapa Kenya mwanzoni mwa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilipokea taarifa za watu wa kawaida kwa ujumbe mfupi na kuziweka kwenye ramani.

Najua utaniuliza: wenye nyumba nao si wataliona jedwali, kisha wote wapande hadi bei ya juu kabisa? Swali zuri. Marekani, Agosti 2024, Wizara ya Sheria iliishtaki kampuni ya RealPage ikidai kwamba programu yake iliwasaidia wenye nyumba kupanga kodi kwa kutumia takwimu za siri za wenzao. Ujerumani nayo, tangu 2022, inazitaka manispaa zenye zaidi ya watu 50,000 ziwe na jedwali la kodi linaloitwa Mietspiegel, na mpangaji anaweza kulitumia kupinga nyongeza. Takwimu ni zile zile za kodi. Tofauti ni nani anaziona. Zikifichwa upande mmoja ni silaha, zikiwekwa uwanjani ni kipimo. Na hapa kwetu upande mmoja tayari unazo, hata bila tarakilishi.

Usitegemee sheria ikufanyie kazi hiyo. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuta nyumba ya namna hiyo karibu na barabara ya Diani, kisha unishtue. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, lakini ukienda kwa mbunge wa kaunti na malalamiko matupu utarudi na pole tupu. Ukienda na jedwali la miaka miwili, mtaa kwa mtaa, hapo mtazungumza.

Programu ya picha tutaitengeneza wikendi moja. Jedwali linahitaji uvumilivu na watu wa kuaminiana, na hivyo hatuvipati kwa kuandika kodi za kompyuta. Anza na ploti yako: ni majirani wangapi unajua wanalipa kiasi gani? Masika ijayo mwenye nyumba akipandisha, utakuwa na la kumjibu?