Furushi au Vipande? Programu Zetu Tunamjengea Nani

Leo naomba niseme na wenzangu wa kompyuta na uhandisi, ingawa na wengine mtanielewa tu, maana jambo lenyewe linahusu watu wetu wa nyumbani.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake huko Tanga. Mimi na jamaa wawili tulikuwa tumetengeneza programu ndogo ya wavuti ya kuratibu michango ya misiba: wa huku anaandika ahadi yake, ndugu wa kule anathibitisha namba ya M-Pesa na kiasi kilichofika. Chumbani kwangu Jameson Avenue, hapa Parkdale, ilikuwa inafunguka kabla hujapepesa jicho. Kaka wa mfiwa akaifungua kwenye kompyuta ya ofisini kwake, akanitumia ujumbe: "Mbona peupe?" Kweli, ukurasa ulikuwa mweupe pee, hauna hata neno. Mpaka siku ya maziko michango ikawa inahesabiwa kwenye daftari, kwa simu za usiku wa manane. Aibu ile ni yetu sisi watengenezaji, siyo ya mtandao wa Tanga.

Kosa lilikuwa hivi. Programu ya wavuti ni mafaili mengi. Ya kwetu ilikuwa nayo 140. Zamani ilikuwa kawaida kuyafunga yote yawe faili moja kubwa, yaani furushi. Sababu ni HTTP/1.1, itifaki ya mwaka 1997. Kwa itifaki hiyo, njia moja inahudumia ombi moja kwa wakati, na vivinjari kwa kawaida hufungua njia sita tu kwa seva moja. Ni kama benki yenye madirisha sita: mtu wa saba anasubiri. Mwaka 2015 ikaidhinishwa HTTP/2, inayopitisha maombi mengi kwa pamoja kwenye njia moja. Hapo wataalamu wengi wakaanza kusema furushi limepitwa na wakati, leteni vipande. Na hoja yao si ya kubeza. Ukirekebisha mstari mmoja ndani ya furushi la kilobaiti 800, mtumiaji anapakua zote 800 upya na bando lake linakatwa. Kwa vipande anapakua kile kilichobadilika tu, vingine anavyo tayari kwenye kivinjari.

Sisi tukashabikia. Tukaweka vipande 140, furushi tukalifuta kabisa.

Kumbe ofisi ile ina kompyuta ya kati, proksi, inayofungua na kukagua mawasiliano yote yanayoingia na kutoka, nayo inazungumza HTTP/1.1 tu. Hebu tupige hesabu. Mafaili 140 kwa njia sita ni zamu 24. Seva yetu iko hapa Toronto. Tuseme kila ombi linachukua robo sekunde kwenda Tanga na kurudi. Hizo ni sekunde sita za kungoja tu, bado hujagusa uzito wa mafaili yenyewe. Tena vipande vinaitana: kivinjari hakijui kinahitaji cha pili mpaka cha kwanza kifike. Na proksi ikielemewa ikaangusha kimoja tu kati ya vile ambavyo vingine vinavitegemea, programu nzima haianzi. Ndiyo maana kaka akaona peupe.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulikuwa tumejaribu programu kwa mtandao wa Parkdale tukadhani tumejaribu kwa dunia nzima.

Maoni yangu ni kwamba tutengeneze matoleo yote mawili, halafu seva ichague. Si jambo geni. Mwaka 2017 zana za Polymer, mradi wa Google, zilikuwa zinatoa furushi na vipande kwa amri moja. Ila pale seva yao ilikuwa ikichagua kwa kuangalia jina la kivinjari, na hapo ndipo natofautiana nao. Kivinjari cha kaka kilikuwa Chrome kipya kabisa! Jina lilikuwa sahihi, lakini njia ndiyo ilikuwa ya zamani. Seva iulize: ombi hili limenifikia kwa itifaki gani? Likija kwa HTTP/1.1, mpe furushi. Likija kwa HTTP/2 au HTTP/3, mpe vipande. Kinachotofautiana ni ukurasa wa mlangoni tu, wenye mistari michache, kwa hiyo huo usiruhusiwe kuhifadhiwa njiani, wa mmoja usije ukapewa mwingine.

Na hata hivyo tusiabudu HTTP/2. Vipande vyote vinapita njia moja ya TCP, pakiti moja ikipotea vyote vinasimama kuisubiri. HTTP/3, iliyoidhinishwa 2022, ndiyo imetibu hilo. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani wakabaki wanahangaika? Kwa siku kama zile mimi ningempa kila mtu furushi, na dogo kadiri inavyowezekana: fomu kwanza, mapambo baadaye.

Kuna mwenzangu aliniambia hii ni kazi mara mbili. Jamani, ni kompyuta inayofanya kazi mara mbili, siyo wewe. Kwetu ilichukua jioni moja, na sehemu kubwa ya jioni hiyo ilikuwa kubishana kuhusu majina ya mafolda. Kazi hasa ni kujaribu: kuzima HTTP/2 kwenye seva, kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi, halafu kukaa ukitazama programu yako mwenyewe ikijikokota. Inauma, lakini fanya.

Wiki mbili zilizopita nilimwomba kaka yule ajaribu tena, kompyuta ileile, ofisi ileile. Ikafunguka. Akanijibu kwamba anashukuru, ila jina la marehemu mzee wake tumelikosea herufi moja, turekebishe.