Shaba Ilipita, Sisi Tukafungiwa

Tarehe 24 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya Korona. Mipaka ya Kongo ikafungwa kwa abiria, malori ya mizigo yakaachwa yapite. Sisi wa Kambove, mji wa migodi, tulielewa papo hapo: mama mwenye beseni la mboga ni hatari kwa taifa, lakini shaba iliyofunikwa turubai haina Korona. Na dereva wa lori je? Yeye hapumui?

Sibishi kwamba malori yalihitajika. Unga mwingi wa bukari tunaokula unatoka Zambia kwa malori hayo hayo, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ninachokataa ni desturi ya kuulinda mzigo na kumsahau mtu.

Nayo si desturi ya jana. Reli kutoka kusini ilifika Kambove mwaka 1913, ikifuata mgodi wa kampuni ya Union Minière. Haikuja kututembelea. Mwishoni mwa 1918 ule ugonjwa mkuu wa mafua ukapanda reli hiyo kutoka Rhodesia, ukashukia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaingia katika kambi ambamo wachimbaji walilala wakibanana. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mgeni yule alikuja, wenyeji wakazikwa.

Miaka mia moja na ushei ikapita, tukarudi kambini. Mwaka 2020 makampuni kadhaa ya migodi ya Haut-Katanga na Lualaba yaliwafungia wafanyakazi ndani ya migodi kwa majuma mengi ili uzalishaji usisimame. Mashirika ya haki za binadamu yalipaza sauti: watu walikuwa wakiambiwa wachague, kubaki ndani au kupoteza kazi. Hiyo mnaiita kinga? Kinga ya nani, ya baba wa watoto au ya tani za kobalti?

Nasi wa nje tuliambiwa, "Naweni mikono!" Kwa maji yapi, wakubwa? Ya bidoni ya lita ishirini iliyobebwa kichwani na mtoto wa miaka tisa? Yale yalikuwa ya kunywa na ya kupikia. Sabuni ilisubiri.

Msituambie fedha hakuna. Sheria ya Madini ya 2018 imeandika wazi mgao wa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo. Kumi na tano hizo ni zetu. Si sadaka, wala si zawadi ya mtu anayetaka kura.

Wala magonjwa hayakuishia kwa Korona. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura nyingine, ya mpox, na Kongo ndiyo ilikuwa kitovu. Kipindupindu nacho hakijawahi kutusahau.

Mlangoni mwa duka moja mtaani kwetu bado ipo ndoo ya kunawia ya wakati wa Korona. Koki yake imekatika; siku hizi inawekwa makaa ya kupikia. Basi enyi mnaopokea ile asilimia 15, bandikeni ukutani, kwa Kiswahili, kiasi kilichoingia na bomba lililowekwa kwa kiasi hicho. Mkishindwa kulionyesha bomba, tuonyesheni mlikozipeleka fedha.